UCHAMBUZI: Kabla ya kuipandia Turkana miti, utafiti uliopo usomwe

KATIKA hesabu ya miti bilioni 15 ambayo serikali ya Kenya inataka iwe imepandwa ifikapo mwaka 2032, Turkana haiwezi kukwepeka. Ardhi yake ni pana kuliko ya baadhi ya mataifa ya Ulaya, wakaazi wake hawakufika milioni moja katika sensa ya 2019, na kwa mtu anayeitazama kwenye ramani iliyobandikwa ukutani Nairobi, inafanana na uwanja mtupu unaosubiri miche.

Uwanja huo si mtupu. Watafiti wamekuwa wakiliandika jambo hilo kwa zaidi ya miaka 40, na wafugaji walilijua kabla ya watafiti. Kinachosikitisha ni kwamba wanaoandika mipango ya upandaji miti hawaonekani kuwa wamewasoma wanaoandika tafiti, na Turkana imekwisha kulipia kosa hilo mara moja.

Mpango wa miti bilioni 15 ulizinduliwa na Rais William Ruto mnamo Desemba 2022. Lengo lake ni kuifikisha nchi kwenye asilimia 30 ya eneo lenye miti. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilikuwa imeonyesha kwamba eneo hilo lilikuwa asilimia 12.13. Pengo hilo ni kubwa mno kuzibwa katika mashamba ya nyanda za juu, ambako kila ekari ina mwenyewe na zao lake. Sehemu kubwa ya kazi itaangukia maeneo kame, ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya nchi.

Hapo ndipo tafsiri ya neno 'msitu' inapoanza kuwa na uzito. Kwa kipimo kinachotumiwa na Kenya, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia urefu wa mita mbili, ambayo matawi yake yanafunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Kichaka cha mathenge kinafaulu mtihani huo bila taabu. Uwanda wenye migunga iliyotawanyika, ambao umelisha mbuzi na ngamia kwa vizazi, unaweza kufeli. Mshubiri, ambao hauinuki kupita goti la mtu, hauhesabiwi kabisa.

Kwa maneno mengine, kaunti inaweza kupanda daraja katika takwimu za misitu huku utajiri wake wa mimea ukipungua. Jambo hilo si la kufikirika tu. Dalili zake zinaonekana tayari kando ya mto Turkwel.

Chanzo chake ni ukame wa 1979 hadi 1981, ulioiangamiza mifugo ya Waturkana na kuwasukuma maelfu ya watu kwenye vituo vya chakula cha msaada. Katika miaka iliyofuata, wafadhili, na hasa Norway, walimiminika Lodwar na miradi ya barabara, uvuvi na misitu. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa Kalokol hakikufanya kazi iliyokusudiwa na kimekuwa mfano unaotajwa mara kwa mara katika vitabu vya maendeleo. Mti ulioletwa katika kipindi hicho haujatajwa sana, ingawa umeacha alama kubwa zaidi.

Mti huo ni mathenge, ambao wataalamu waliuita Prosopis juliflora na Waturkana wanauita etirae. Asili yake ni bara la Amerika. Nchini Kenya mathenge ulipandwa mwaka 1973 katika machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa, kwa ajili ya kufufua ardhi iliyokuwa imechimbwa mawe ya saruji. Ulipoonyesha kuwa unaota hata pale ambapo mimea mingine imeshindwa, ulipelekwa Baringo na Turkana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hoja ilikuwa nyepesi na ya kueleweka: watu wanahitaji kuni, kivuli na kizuizi cha mchanga, na huu ni mti usiokufa.

Kweli haukufa. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyala, na mbegu hupita tumboni zikatoka na kinyesi zikiwa tayari kuota mahali pengine. Ukikatwa, huchipua kwa wingi kutoka kwenye kisiki. Mizizi yake huzama ardhini kutafuta maji ambayo nyasi haziwezi kuyafikia.

Kipimo kizuri zaidi cha kasi yake kinatoka Baringo. Watafiti waliotumia picha za setilaiti, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 2019, walikadiria kwamba mathenge ulikuwa umefunika hekta 882 huko mwaka 1988. Kufikia 2016 ulikuwa umefunika hekta 18,792. Hilo ni ongezeko la takriban hekta 640 kila mwaka. Ni huko Baringo pia ambako jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali mwaka 2006, na katika kesi hiyo mbuzi aliyepoteza meno kwa sababu ya maganda yenye sukari akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Wengi walicheka. Mnamo 2008 serikali iliutangaza rasmi mathenge kuwa gugu haribifu, sheria ikimtaka mwenye ardhi kuuondoa. Serikali iliyoupanda ikawa imemkabidhi mfugaji jukumu la kuung'oa.

Huko Turkana, swali la kitaalamu lilikuwa tofauti kidogo: je, mathenge unajaza tu mahali palipokuwa wazi, au unachukua nafasi ya msitu wa asili? Gabriel Muturi wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini (KEFRI), akishirikiana na wenzake wa Uholanzi, alilichunguza swali hilo katika msitu wa kando ya Turkwel. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba chini ya migunga ya asili kulikuwa na mimea midogo mingi zaidi, na ya aina nyingi zaidi, kuliko chini ya mathenge. Mahali ambapo mathenge ulisongamana, nyasi na maua ya ardhini yalipungua.

Kwa mtu wa mjini tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kwa mwenye mbuzi 30 nje ya Lodwar, mimea ya ardhini ndiyo chakula cha miezi michache baada ya mvua, ambayo ndiyo miezi ya maziwa. Mti uliobaki kijani kibichi mwaka mzima huku chini yake pakiwa udongo mtupu ni mapambo ya gharama kubwa.

Ni kitu gani basi kilichokuwa kikiota Turkana kabla ya wafadhili? Mtaalamu wa jiografia W.T.W. Morgan alichapisha mwaka 1981 orodha ndefu ya mimea ya Turkana pamoja na majina yake ya Kiturkana na matumizi yake kwa watu na mifugo. Anayeisoma hukuta jamii isiyodharau kichaka chochote. Mgunga (ewoi) hutoa maganda kwa mbuzi na kivuli kwa wazee. Mkoma (eengol) hutoa matunda, na majani yake husukwa vikapu na mikeka. Mswaki (esekon) hutoa matunda madogo na vijiti vya kusafishia meno. Edung, edapal na edome hutoa matunda yanayoliwa mwaka wa njaa, baadhi yakihitaji kuchemshwa kwa muda mrefu ili kuondoa uchungu.

Kisha ipo mimea inayohifadhi maji mwilini mwake, ambayo mpita njia huiona kuwa ya ajabu na mpangaji wa misitu haioni kabisa. Waridi la jangwani lina shina nene lililovimba kama gunia, na utomvu wake ni sumu iliyowahi kupakwa kwenye mishale katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ipo jamii ya minyaa yenye mashina ya kijani yasiyo na majani. Na upo mshubiri, unaoitwa echuchuka na Waturkana, ambao aina yake mojawapo inabeba jina la kaunti hii: Aloe turkanensis. Jina hilo lilitolewa mwaka 1942 na Basil Christian, mtaalamu wa mishubiri aliyeishi Rhodesia ya Kusini. Aina hiyo inapatikana kaskazini magharibi mwa Kenya na upande wa pili wa mpaka, Uganda.

Namna mimea hiyo inavyoishi inaeleza mengi kuhusu ardhi yenyewe. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kupitia vitundu hivyo hivyo hupoteza maji. Katika joto la Lodwar, ambako mvua ya mwaka ni takriban milimita 200, tabia hiyo ni ya hasara. Mshubiri hufanya kinyume. Hufungua vitundu vyake usiku wakati hewa imepoa, huivuta kaboni na kuiweka akiba katika hali ya asidi, kisha mchana hujifunga na kuitumia akiba hiyo kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Hukua polepole, na maji kidogo huutosha kwa miezi mingi. Ni mkakati wa kuvumilia, ulio tofauti kabisa na ule wa mathenge wa kuchimba chini na kuteka kila tone.

Mche wa msimu, unaopandwa siku ya sherehe na kumwagiliwa kwa wiki mbili, hauna mkakati wowote kati ya hiyo miwili.

Utafiti uliopaswa kubadilisha fikira za wapangaji ulifanyika kusini mwa Turkana, miongoni mwa wafugaji wa Ngisonyoka. Mradi huo, uliowaleta pamoja wataalamu wa mimea, mifugo na jamii kutoka vyuo vikuu vya Marekani na wenzao wa Kenya, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo imani iliyotawala ilikuwa kwamba wafugaji wana mifugo mingi kupita kiasi, na kwamba mifugo hiyo ndiyo inayoleta jangwa. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift waliandika kwamba Turkana haifuati kanuni hiyo. Ukame hupunguza mifugo mara kwa mara kabla mifugo haijafikia kiwango cha kuharibu malisho. Kinachotawala ni mvua, na ufugaji wa kuhamahama ni njia ya kuifuata.

Jambo la kustaajabisha zaidi lilitoka kwa Robin Reid na huyo huyo Ellis mwaka 1995. Walichunguza mahali ambapo migunga michanga inaota, wakakuta inaota kwa wingi katika maboma ya mifugo yaliyohamwa. Mbuzi hula maganda ya mgunga, mbegu hulala bomani ndani ya samadi, familia huhama, na mvua inaponyesha samadi huhifadhi unyevu na kurutubisha mche. Miaka kadhaa baadaye panasimama kikundi cha miti pale palipokuwa na boma. Mfugaji aliyelaumiwa kwa kumaliza miti alikuwa akiipanda, bila bajeti na bila hotuba.

(Ifahamike pia kwamba mti huo, ambao vitabu vyote vya zamani viliuita Acacia tortilis, sasa unaitwa Vachellia tortilis baada ya wataalamu wa dunia kuamua kwamba jina Acacia libaki na miti ya Australia. Nao mathenge, tangu 2022, umehamishiwa jina Neltuma. Huko Lodwar bado ni ewoi na etirae, na hakuna aliyechanganyikiwa.)

Utafiti huo una maana ya moja kwa moja kwa mpango wa miti bilioni 15. Ikiwa mbuzi ndiye anayesambaza mbegu za mgunga, basi kinachohitajika ni uhuru wa familia kuhama na boma kuachwa likapumzika. Sera zinazowakusanya wafugaji katika vijiji vya kudumu kando ya barabara na visima huvunja mzunguko huo. Samadi hujazana mahali pamoja mwaka hadi mwaka, miche hukanyagwa na kuliwa, na mbegu zinazofaidika ni za mathenge kwa sababu zenyewe zinastahimili hali hiyo.

Upande wa mtoni mambo hayategemei mbuzi peke yake. Huko kuna utaratibu wa haki za miti unaoitwa ekwar. Familia fulani hutambuliwa kuwa na haki ya kutumia miti ya sehemu fulani ya kingo, hasa maganda ya migunga wakati wa kiangazi. Mwenye ekwar hana hati, wala haizuii jamii kupita au kulisha humo mvua zikiwa nyingi. Lakini asiyehusika hakati mti wala kupukutisha maganda bila kuomba, na anayekaidi huitwa mbele ya wazee. Haki hiyo hurithiwa.

Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu Turkana katika miaka ya 1980, aliueleza utaratibu huo kwa undani katika makala yake ya 1990 na kusisitiza kwamba mradi wowote wa miti unapaswa kuanzia hapo. Miaka 11 baadaye Jørn Stave, Gufu Oba na mwenzao walirudi kando ya Turkwel kuangalia jinsi ekwar inavyobadilika kadiri watu wanavyozidi kutulia mahali pamoja. Oba, mwanaikolojia Mkenya aliyefundisha Norway, alikuwa ameifahamu Turkana tangu miaka ya 1980. Katika makala nyingine ya 2007, kundi hilo lilikusanya maarifa ya wafugaji kuhusu miti, mafuriko na malisho, na kupendekeza yatumike katika utafiti na usimamizi wa msitu huo.

Mafuriko yanatajwa hapo kwa sababu nzito. Bwawa la Turkwel, lililoanza kujazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya umeme, lilibadilisha mwendo wa mto. Msitu wa kando ya mto katika nchi kame huishi kwa maji yanayofurika na kuzama ardhini. Umeme ulikwenda kwenye gridi ya taifa, na msitu ukabaki na mto ambao ratiba yake hupangwa kwenye mitambo.

Tukitoka Lodwar kuelekea kaskazini magharibi, kiasi cha kilomita 120, tunafika Kakuma, ambako hesabu ya miti inakuwa hesabu ya sufuria. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana na watoto waliokuwa wamekimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makaazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, inahifadhi takriban watu 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Takriban kila familia hupika kwa kuni au makaa.

Kwa muda mrefu utaratibu umekuwa kwamba mkimbizi haruhusiwi kukata kuni nje ya kambi. Kuni hununuliwa kutoka kwa jamii ya wenyeji na kugawiwa na mashirika, na sehemu yake ni mathenge. Mgao huo haujawahi kutosha mahitaji. Pengo hujazwa na akina mama wa Kiturkana wanaoingia kambini na magunia ya makaa na mizigo ya kuni kichwani, wakiuza au kubadilishana na unga na mafuta ya msaada. Wachunguzi wengi wamekuta biashara hiyo ikiwa uhusiano wa karibu zaidi kati ya mwenyeji na mgeni, na pia chanzo cha ugomvi wao.

Mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulipunguzwa vibaya kwa sababu ya uhaba wa fedha za wafadhili, na maandamano yakazuka. Athari zake kwa miti hazikujadiliwa sana, ilhali si vigumu kuziona. Unga ukipungua kambini, mama wa makaa hupata kidogo kwa gunia lile lile. Atachoma zaidi, au atatembea mbali zaidi. Na makaa yakishafika sokoni, hakuna anayeweza kumthibitishia mnunuzi kama yalitoka kwenye etirae au ewoi. Makaa ya mgunga ni mazito na hukaa motoni. Mchomaji analijua hilo na mnunuzi pia.

Kando ya mto Tarach, unaopita Kakuma, wenye haki za miti wanakabiliwa na soko la ukubwa wa mji. Wazee wanaweza kumtoza faini kijana wa ukoo wao. Hawana uwezo wa kumtoza mfanyabiashara wa lori. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake na kanuni zake za matumizi, na hapo ndipo ekwar ingeweza kuingizwa kwenye maandishi yanayotambuliwa na mahakama. Usajili katika kaunti za wafugaji umekwenda polepole sana. Mpango wa miti, kwa upande wake, haukusubiri.

Wapo watakaosema kwamba huu ni utetezi wa mambo ya kale, na kwamba mathenge una faida. Sehemu ya hoja yao ni kweli. Makaa ya mathenge yamelipa karo za watoto Lodwar, nguzo zake zimejenga nyumba na uzio Kakuma, na maganda yakisagwa pamoja na mbegu huweza kuwa chakula cha mifugo bila kueneza miche. Hakuna mtaalamu makini anayedai kwamba unaweza kufutwa Turkana. Kila gunia la makaa linalotoka kwenye mathenge badala ya mgunga ni nafuu. Lakini kuutumia mti uliokwisha kuvamia si sawa na kuuhesabu kama mafanikio, na uchumi ukiutegemea sana watapatikana wenye sababu ya kutaka uendelee kuenea.

Mfano wa namna sheria nzuri inavyoweza kukosa shabaha uko kwenye mshubiri. Utomvu wake mchungu, ukichemshwa na kukauka, huuzwa ng'ambo kwa watengenezaji wa dawa na vipodozi. Aina tatu ndizo zimekuwa zikivunwa zaidi nchini Kenya, na ile ya Turkana ni mojawapo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Aidha, mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera inayolimwa. Biashara haikukoma. Ilijificha, bei ya mvunaji ikashuka, na faida ikabaki kwa wanunuzi wa kati ambao majina yao hayajulikani vijijini. Kanuni za mwaka 2007 zilijaribu kurudisha mambo kwenye mwanga kwa kuruhusu uvunaji wenye vibali na kuhimiza upandaji.

Asiye na hati ya ardhi, asiyejua kusoma fomu na anayeishi mbali na ofisi ya wanyamapori hana njia rahisi ya kupata kibali. Mtu huyo ndiye anayejua mshubiri upi ukatwe majani mangapi ili usife. Afrika Kusini imeonja matokeo ya kuiacha mimea ya aina hii bila wenyewe: tangu 2019 mimea midogo ya jangwa la Karoo imeng'olewa kwa wingi na kusafirishwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo, baadhi ya aina zikakaribia kutoweka. Huko mahitaji yalichochewa na mitandao, na wang'oaji wengi walikuwa maskini wa vijijini. Kaskazini mwa Kenya kuna umaskini huo huo, na kuna mimea ambayo wakusanyaji wangeitamani.

Ujuzi wa kuyashughulikia haya upo karibu. KEFRI ina kituo chake Lodwar. Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kilianzishwa 2017 na kina vijana waliokulia katika maboma hayo hayo yaliyochunguzwa na Reid. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanza kuchapishwa 1952, ilikamilika 2012, na sampuli ziko katika hifadhi ya mimea kwenye makavazi ya taifa Nairobi. Sehemu kubwa ya tafiti zilizotajwa hapa, hata hivyo, imo katika majarida ya Ulaya na Marekani ambayo ofisa wa misitu wa kaunti ndogo ya Turkana Magharibi hawezi kuyafungua bila kulipa.

Kuna mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Vipande vya kingo za Turkwel na Tarach vinaweza kuwekewa ulinzi kwa jina la wenye ekwar, na walipwe kwa mgunga uliosimama kama wengine wanavyolipwa kwa mche uliopandwa. Zabuni za kuni za Kakuma zinaweza kudai mathenge pekee, na ukaguzi ufanywe pale kuni zinapokatwa badala ya pale zinapopakuliwa. Vitalu vya miche vinaweza kupewa mbegu za edome, esekon na eengol badala ya miche ya kigeni inayosafirishwa kutoka nyanda za juu. Njia za kuhama za mifugo zinaweza kuachwa wazi, ambalo ni jambo gumu kuliko yote kwa sababu kila mradi mpya wa umwagiliaji, makaazi au barabara hukata moja.

Kwanza kabisa, hesabu yenyewe irekebishwe. Taarifa za mpango wa kitaifa huhesabu miche iliyopandwa. Kwa Turkana, takwimu yenye maana ingekuwa miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, ikitenganishwa kwa aina, na mathenge ukiwekwa katika safu yake ya peke yake. Picha za setilaiti zilizotumika Baringo zilimudu kuutofautisha mathenge na miti mingine, hivyo hakuna kisingizio cha kitaalamu. Tathmini ijayo ya rasilimali za misitu ikitoka bila safu hiyo, Turkana itaonekana imepiga hatua, na mwenye mbuzi wa Lodwar hatajua hatua hiyo ilipigwa wapi.